Pipa Lililotoka Ghalani

Mume wangu Nicodemo alitaka mahakama iandike jambo moja tu, kwamba ugonjwa wake ulitoka ghalani. Wakili alimweleza habari za fidia, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo mtaona ninyi. Mimi nataka iandikwe, igongwe muhuri, niibandike mlangoni."

Mlango wenyewe ni huu wa nyumba yetu ya Endagikot, unaotazama njia. Wakati huo mtu yeyote aliyekonda alikuwa na ugonjwa mmoja tu midomoni mwa watu. Hawakuutaja mbele yetu. Walipita wakisalimia kwa sauti ya juu kuliko kawaida, na wakishavuka mgomba wa mwisho sauti zilishuka. Tulikwenda kupima, mimi na yeye, tukapewa karatasi kwamba hatuna. Nicodemo alimwonyesha rafiki yake Sulle karatasi hiyo. Sulle akaisoma pande zote mbili.

"Karatasi ni karatasi tu," akasema. "Hata mimi nina cheti cha ubatizo, na Jumapili unajua wananikuta wapi."

Tulicheka sote watatu. Nicodemo alicheka mpaka akakohoa, na baada ya hapo hakumwonyesha mtu mwingine ile karatasi.

Hukumu ilipotoka ilikuwa na kurasa nne. Nimeisoma mara nyingi. Yaliyotupata hayamo, kwa hiyo nayaandika mimi, katika daftari hili, kabla sijaanza kuyasahau au kuyapamba.

Ghala liko Hanang, nje kidogo ya Nangwa. Ni jengo refu lenye paa la bati na namba nyeupe ubavuni. Zamani ziliwekwa humo dawa za mashamba makubwa ya ngano ya serikali. Mashamba yalipokufa walinzi wakaondoka, dawa zikabaki. Mwaka 2003 mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, ofisi zinatafuta majengo, na kuna mtu akakumbuka kwamba lile ghala ni mali ya umma na paa lake ni zima. Akaja mkandarasi kutafuta vibarua wa kulisafisha. Alichukua wanaume sita kutoka huku kwetu Mbulu. Baadaye ndipo nilipojua kwa nini alikuja mbali hivyo. Watu wa Nangwa walikuwa wamekataa. Wafugaji wa kule hata mbuzi walikuwa wakiwapitisha mbali na ukuta ule.

Nicodemo na Sulle walikwenda pamoja. Walifanya kazi wiki tatu. Kulikuwa na magunia yaliyooza yakimwaga unga mweupe na unga wa kijivu, na mapipa yaliyochorwa fuvu la kichwa, mengine yanavuja. Walizoa kwa koleo, wakapakia kwenye lori, kisha wakachimba udongo wa sakafuni kwa sababu nao ulikuwa umelowa. Hawakupewa glovu. Walijifunga fulana zao puani. Kila mchana msimamizi aliwanunulia maziwa kwa akina mama wafugaji wa Kibarabaig, akawaambia wanywe wote, maziwa yanaosha kifua. Waliona wametendewa vizuri. Hakuna kibarua aliyewahi kununuliwa maziwa na bosi.

Sulle alikuja nyumbani Jumapili moja kuniletea salamu. "Shemeji, tunanyonya kama ndama kule," aliniambia. "Huyu mumeo akirudi utamfunga kamba, la sivyo atakumalizia ng'ombe."

Siku ya mwisho msimamizi alimwambia kila mtu achague pipa moja kati ya yale yasiyovuja. Ilikuwa kama zawadi. Nicodemo alikuja nalo juu ya basi. Mimi nililiona pipa kabla sijamwona yeye. Lilikuwa la plastiki, la buluu, la lita mia mbili, na mfuniko wake unabana vizuri. Kwetu huku, nyumba yenye pipa chini ya mchirizi wa bati ni nyumba ambayo mwanamke wake hapandi mlima na ndoo kichwani wakati wa mvua. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nililiosha kwa majivu, nikaliosha kwa mchanga, nikaliosha kwa maji ya moto. Mara tatu. Ikabaki harufu kidogo tu, kama kitunguu kilichooza. Nikafua na nguo zake siku hiyohiyo, kwa mikono. Nilikuwa na mimba ya miezi minne.

Alirudi kutoka ghalani akiwa anakohoa. Macho yalikuwa yanamtoka machozi na viganja vinabanduka ngozi kama kiazi kilichochemshwa. Alirudi hivyo mwishoni mwa Oktoba. Mvua ya kwanza kuingia kwenye pipa ilinyesha katikati ya Novemba. Nimeliandika hili na kulirudia kwenye daftari kwa sababu mahakamani nililisema mara moja tu, kwa sauti ndogo.

Desemba mimba ikatoka.

Kwa asiye wa huku inabidi nieleze. Kwetu Wairaqw nyumba iliyopoteza mimba hukaa kando. Huendi kwenye chemchemi ya wote, huingii kwa jirani, ng'ombe wako hawachungwi pamoja na wa wenzako, na hakuna anayepokea kitu kutoka mkononi mwako mpaka wazee waseme muda umetimia. Jambo lenyewe halitajwi mbele ya watu. Watu wanajua, na ndiyo sababu halitajwi. Sisi ni Wakatoliki, na katekista alikuja kusema kwamba Kanisa halidai hayo. Alisema akiwa amesimama njiani. Padre naye ni mtu mwema, lakini yeye hachoti maji kwenye chemchemi yetu.

Mama mkwe wangu alikuja siku ya pili. Akasimama nyuma ya ua wa minyaa.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Usisogee."

"Sisogei."

"Umekula?"

"Nimekula. Mama, maji tutapata wapi?"

Akaangalia chini ya mchirizi. "Si mna pipa? Mungu amewapa pipa kabla hajawapa shida. Mshukuruni."

Tulikaa kando miezi miwili na nusu. Mvua zilikuwa nzuri mwaka ule. Tulikunywa maji ya pipa, tukapikia, nikamwogesha Nicodemo nayo alipoanza kushindwa kuinua mikono. Tulipotoka, Machi, watu walimwona njiani kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, akiwa amebaki mifupa na shati. Hapo ndipo sauti zilipoanza kushuka baada ya mgomba wa mwisho.

Wakili alipatikana kwa bahati. Alikuwa mama mmoja anaitwa Judica, wa kikundi cha msaada wa sheria, aliyekuja Mbulu kufundisha wanawake habari za mirathi. Nilimsubiri nje ya ukumbi mpaka akatoka. Wiki iliyofuata alifika nyumbani, akakaa kwenye kigoda chetu na makaratasi magotini. Alitaka kuwashtaki wenye ghala pamoja na mkandarasi, ingawa mkandarasi alikuwa haonekani tena na simu yake haipokelewi.

"Baba, nisikilize," alimwambia Nicodemo. "Wale wataleta mtu msomi. Kazi yake ni kutafuta tundu. Kama lipo tundu, nionyeshe mimi kwanza. Kuna chochote mlichotoka nacho ghalani? Chochote kile, hata msumari?"

Nicodemo akaniangalia. Pipa lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka pale.

"Hakuna," akasema.

"Mama?"

"Hakuna," nikasema.

Alipoondoka Nicodemo alinieleza, ingawa sikuwa nimeuliza. Pipa lilikuwa mali ya umma na hakupewa karatasi. Angeweza kufungwa. Lakini hiyo ilikuwa nusu ya sababu, na nusu ya pili tulikuwa tunaijua wote. Ukilitaja pipa utaulizwa habari za maji. Ukiulizwa habari za maji utaulizwa kwa nini hamkuteka kwenye chemchemi kama wengine, na hapo utasimama mbele ya watu na kulitaja lile lisilotajwa. Wakili Judica hakuwa mtu wa huku. Hakujua kwamba kuna swali la kuuliza. Nasi tulinyamaza kama tulivyofundishwa kunyamaza, tukadhani tunalinda kitu. Sikulazimishwa. Neno "hakuna" la pili lilikuwa langu.

Kesi ilianza kusikilizwa mwaka 2005. Nicodemo alitoa ushahidi amekaa, hakimu alimruhusu. Alieleza unga, koleo, fulana puani, maziwa. Alieleza vizuri. Watu waliokuwa kwenye mabenchi waliinama mbele kumsikiliza, na nikaona mama mkwe ameinua kichwa namna ambayo sikuwa nimeona tangu mwaka uliopita. Wakili Judica aliniminya mkono. Kwa siku moja nzima niliamini kwamba ile karatasi itabandikwa mlangoni.

Zamu yangu ilikuja mwezi uliofuata. Niliapa kwa Biblia. Wakili wa wenye ghala alikuwa kijana mpole, viatu vyake vina vumbi la njia yetu kama vyetu. Aliniita dada.

"Dada Oliva, pole kwa kuuguza."

"Ahsante."

"Pale nyumbani maji mnapata wapi?"

"Kwenye chemchemi."

"Siku zote?"

Nikamwona Sulle amekaa benchi la nyuma, amevaa sare ya mlinzi. Ghala lilikuwa limekuwa ofisi, naye alikuwa amepata kazi ya kulilinda. Sulle alikuwa mzima wa afya. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Dada, nyumbani kwenu kuna pipa la buluu la lita mia mbili?"

Nicodemo alikuwa amekaa karibu na mlango, amejifunika blanketi. Akatikisa kichwa. Alikitikisa kidogo tu, mtu mwingine asingeona. Niliona. Mkono wangu ulikuwa umetoka kwenye Biblia dakika chache zilizopita. Lakini sitasema kwamba ni kiapo peke yake. Nilikuwa nimechoka kunong'onewa, na nilifikiri kwamba pipa lenyewe si limetoka ghalani? Sumu ni ileile. Nilifikiri ukweli wote ukitoka utakuwa upande wetu.

"Lipo," nikasema.

Mabenchi yakanong'ona.

"Lilikuwa na alama gani?"

"Fuvu. Lakini lilitoka palepale ghalani, na yeye alikuwa ameshaanza kukohoa tangu Okto..."

"Nitauliza mimi, dada. Mlipewa kwa karatasi?"

"Kwa mdomo."

"Kwa mdomo wa nani?"

"Msimamizi."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Kwa hiyo mliona fuvu, mkalichukua, mkanywea."

"Nililiosha. Kwa majivu. Mara tatu."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Hakimu akagonga meza.

"Mliyatumia maji yake kwa muda gani?"

"Miezi miwili na nusu."

"Na chemchemi ipo. Inatoka maji?"

"Inatoka."

"Sasa mtu mwenye chemchemi anywe maji ya pipa la sumu miezi miwili na nusu kwa sababu gani? Hebu tusaidie tuelewe."

Wakili Judica alisimama kupinga. Hakimu akasema nijibu. Nikajibu. Nilisema mimba ilitoka, nilisema mwezi ulikuwa wa ngapi, nilisema kwamba tulikaa kando. Nilisema kwa Kiswahili, lugha ya shule, na hata hivyo mama mkwe aliinuka akatoka nje, akafuatwa na wanawake wengine watatu wa Endagikot. Nicodemo alivuta blanketi akafunika uso. Yule kijana wakili akasema, "Pole sana, dada," nadhani alimaanisha, kisha akaketi.

Nje Sulle alinisubiri karibu na baiskeli yake.

"Shemeji, watu wa ofisi waliniuliza kama nilipewa kitu, nikasema pipa. Wakauliza wenzangu je, nikasema wote. Ningesemaje?"

"Wewe pipa lako ulilifanyia nini?"

"Mahindi ya mbegu. Panya hawakuligusa kabisa." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwishia. "Tulikunywa maziwa sawasawa, mimi na yeye. Kikombe kimoja. Sijui kwa nini mimi nipo hivi."

Akapanda baiskeli akaondoka.

Mahakama iliamuru pipa liletwe. Lilipelekwa kwa gari, likafungwa karatasi yenye namba, likaitwa kielelezo. Wakili Judica hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, kwa nini hukuniambia mimi?" na nilipomweleza alikaa muda mrefu akifungua na kufunga kalamu yake. Angeweza, alisema, kuliweka pipa kwenye madai tangu mwanzo, likawa la kwetu. Sasa lilikuwa la wao. Aliomba maji yaliyobaki chini ya pipa yapelekwe kupimwa Arusha. Shauri likaahirishwa kwa ajili hiyo, kisha likaahirishwa tena, na mara ya tatu karani akasema hayo maji yamekauka.

Nicodemo alifariki Aprili 2006, mchana, nikiwa nimekwenda kumkatia ndama majani. Watu walikuja mazishini, sitawasingizia. Walichimba, walileta mahindi. Lakini niliona walivyokuwa wakipokea vikombe kwangu, kwa ncha za vidole, na sikujua kama wanaogopa ule ugonjwa, au ile mimba, au pipa. Wakati wa kumwosha mwili, wanawake wa jumuiya walitazamana, kisha mama mkwe akakunja mikono ya blauzi, tukamwosha mimi na yeye tu.

Hukumu ilisomwa Agosti. Nilikuwa nimeandikishwa kuwa msimamizi wa mirathi, nikasimama kwenye kesi badala yake. Hakimu alisoma taratibu, hakuwa mtu mbaya. Alisema hakuna shaka kwamba marehemu alifanya kazi ghalani. Alisema mdai na mke wake walificha jambo kubwa, kwa hiyo maneno yao mengine yanapokelewa kwa tahadhari. Alisema marehemu alikutana na sumu mahali pawili, kazini na nyumbani kwake, na mahakama haina uwezo wa kujua ni wapi ilipomdhuru. Madai yakatupwa.

Mama mkwe alikuwa ananisubiri kwenye ua wa minyaa, mahali palepale.

"Imeandikwaje?"

"Imeandikwa haijulikani, mama."

"Ni nini hakijulikani?"

"Kilichomuua."

Akafikiri. "Basi watu watajaza wenyewe," akasema, akaenda zake na fimbo yake.

Novemba nilirudi mahakamani kuchukua nakala ya hukumu. Wakili Judica alisema tunaweza kukata rufaa ingawa muda umepita, na sauti yake ilinionyesha kwamba hatutakata. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nikazunguka nyuma ya jengo kutafuta choo, nikaliona. Lilikuwa limesimama chini ya mchirizi, limejaa mpaka juu, kipande cha ile karatasi yenye namba bado kimening'inia shingoni. Kando yake palikuwa na kibanda cha chai. Mwanamke mmoja alikuwa anachota maji kwa jagi kutoka kwenye pipa anajaza birika.

"Dada, habari za kazi," nikamwambia.

"Njema, karibu chai. Maandazi ya moto yako njiani."

"Hilo pipa umelitoa wapi?"

"Lilikuwa stoo linaziba njia. Kesi yake imeisha, mwenyewe hakuja. Nikamwomba karani, akanipa." Aligonga ubavu wake kwa furaha, kama mtu anayegonga paja la ng'ombe aliyenona. Jina lake, nilikuja kusikia akiitwa, ni Konsolata. "Tangu nilipolipata sijapanda mlima na ndoo hata siku moja."

"Lina sumu, dada. Lilikuwa la dawa."

"Lilikuwa na harufu, kweli. Nimeliosha kwa majivu." Akainua vidole. "Mara tatu."

Wanaume wawili walikuwa wamekaa kwenye fomu ndani ya kibanda, wana vikombe mkononi. Mmoja alikuwa yule karani.

"Mimi ndiye yule wa pipa," nikasema. "Nicodemo alikuwa mume wangu."

Konsolata akanitazama, na nikaona habari zikimfikia usoni moja baada ya nyingine. Kesi ile aliijua, kila mtu aliijua. Akarudi nyuma hatua mbili, akaliweka birika nyuma ya gauni lake ili nisiliguse. Alirudi nyuma kunikwepa mimi. Alipokuwa anarudi nyuma mgongo wake uliegemea pipa.

Nilikwenda upande wa pili, nikashika ukingo kwa mikono miwili, nikasukuma. Lilikuwa zito. Nilisukuma tena mpaka likaanguka, maji yakakimbia kwenye nyasi na kuingia chini ya kibanda, wanaume wakainua miguu.

"We mama, vipi! Hiyo ni mali ya mahakama!" karani akapiga kelele.

"Mwache," mtu mwingine akamwambia. "Mwache, ndiye yule. Usimguse."

Hakuna aliyenigusa. Nilichukua bahasha yangu ya hukumu iliyolowa upande mmoja, nikatoka kupitia lango. Mawingu yalikuwa yanashuka tena. Sikuwa nimefika barabarani niliposikia pipa likiviringishwa, kisha mlio wa kitako chake kikikaa sawasawa kwenye mawe, chini ya mchirizi.